Namna ya Kusikiliza Albamu Isiyoimbwa: Liquid Tension Experiment ya 1998

Msikilizaji aliyezoea nyimbo zenye maneno, anapokutana kwa mara ya kwanza na albamu ya roki ya progresivu (roki ya tungo ndefu zenye mapigo yanayobadilika) iliyochanganywa na metali, yaani roki nzito ya magitaa makali, na jazi, tena isiyo na mwimbaji hata mmoja, kwa kawaida hufanya moja ya mambo mawili: ama huizima baada ya dakika tatu akisema kwamba ni kelele, ama huiacha ikipiga huku yeye akifua au akipika, na saa nzima ikiisha hakumbuki hata sauti moja. Mimi nimeyafanya yote mawili. Mwongozo huu unaeleza njia ya tatu, na kwa kuwa maelezo ya jumla hayamfai mtu aliyekwisha kuvaa hedifoni, nitashika albamu moja tu: Liquid Tension Experiment, iliyotolewa Machi 1998 na kampuni ya Magna Carta ya Marekani, na ambayo jina lake ndilo jina la kundi lenyewe.

Kutokuwepo kwa maneno kusikutishe. Mpenzi wa taarab asilia ya Zanzibar anaijua bashraf, kipande kisichoimbwa ambacho asili yake ni muziki wa Kituruki, na anajua jinsi ya kukaa kimya udi, kanuni na fidla zikizungumza. Shabiki wa muziki wa dansi naye anajua kwamba utamu wenyewe mara nyingi huanza pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yakaingia kwenye chemko, au sebene kwa wanaofuata muziki wa Kongo. Sikio hilo tayari unalo. Kinachokosekana ni mahali pa kulielekeza, kwa sababu hapa chemko inaweza kuchukua dakika tisa, na mapigo yake hubadilika njiani bila kumwarifu mtu.

Wajue wapigaji kwanza

Katika muziki wa namna hii, ukimjua mpigaji utajua sauti fulani imetoka katika malezi gani. Mpiga dramu, Mike Portnoy, ndiye aliyelikusanya kundi. Yeye na mpiga gitaa John Petrucci walikuwa tayari pamoja katika Dream Theater, kundi la metali ya progresivu lililoanzia katika chuo cha muziki cha Berklee, mjini Boston, mwaka 1985. Kinanda kilipigwa na Jordan Rudess, aliyeingia shule ya muziki ya Juilliard jijini New York akiwa mtoto wa miaka 9 kujifunza piano ya kiklasiki, na ambaye katika miaka ya 1990 alipitia Dixie Dregs, kundi lililokuwa likioanisha roki na jazi tangu miaka ya 1970. Besi ilikuwa mikononi mwa Tony Levin, aliyezaliwa mwaka 1946, mkubwa kwa wenzake wote, ambaye alikuwa akipiga na mwimbaji Peter Gabriel tangu 1977 na akaingia King Crimson, kundi la roki ya progresivu, mwaka 1981. Wanne hao walikutana studio ya Millbrook, katika jimbo la New York, Septemba 1997, na kwa muda mfupi sana wakatunga na kurekodi albamu nzima.

Muda huo mfupi una maana kwa msikilizaji. Dream Theater walijulikana kwa tungo zilizopangwa kwa makini, kila noti na mahali pake, ilhali hapa palikuwa na siku chache tu, na watu wenye ratiba zao. Matokeo yake ni kwamba sehemu nyingi za albamu hii zina harufu ya maongezi: mmoja anatupa wazo, mwingine analidaka na kulirudisha limegeuzwa. Huo ndio upande wa jazi. Wanaotafuta jazi kwa maana ya saksofoni na mwendo wa kubembea hawataipata, na nadhani ndio hao wanaolalamika kwamba neno limetumiwa ovyo. Jazi inayokusudiwa ni ile ya fyusheni, iliyooanishwa na roki ya umeme, ambayo Mahavishnu Orchestra, kundi la mpiga gitaa John McLaughlin, iliipandisha hadi ukali wa kutisha katika albamu ya The Inner Mounting Flame mwaka 1971. Mtu akisikiliza dramu za Billy Cobham katika albamu hiyo hataona ajabu kwamba, miaka ishirini na ushei baadaye, wapigaji wa metali walijiona wamefika nyumbani.

Maandalizi

Mara ya kwanza niliisikiliza albamu hii kwa spika ya simu, ndani ya basi, na kwa muda wa miezi kadhaa niliamini kwa dhati kwamba mpiga besi alikuwa amewekwa kwa ajili ya picha. Spika ya simu haitoi sauti nzito, na albamu hii bila besi ni nyumba bila msingi. Tumia hedifoni zinazofunika sikio, au redio yenye spika mbili zilizowekwa mbalimbali, wewe ukiwa katikati. Zima kitufe cha kuongeza besi kama kifaa chako kinacho, kwa sababu kitufe hicho huvimbisha dramu kubwa ya mguu na kuimeza besi yenyewe, yaani hufanya kinyume cha kile ambacho jina lake linaahidi.

Albamu ina urefu wa dakika 74 kasoro sekunde chache. Ukiipakua kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde itachukua megabaiti 180 hivi. Ukishuka hadi 128 itachukua kama 70, lakini matoazi yatasikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, na Portnoy ni mtu wa matoazi mengi. Pakua yote kabla ya kuanza, ili mtandao usije ukakatika katikati ya kipande. Jambo la mwisho ni dogo lakini linaharibu kuliko yote: hakikisha programu yako haichanganyi mpangilio wa vipande, wala haifunikishi mwisho wa kimoja juu ya mwanzo wa kingine. Sehemu ya mwisho ya albamu ni maongezi mamoja yaliyokatwa vipande vitano, na yakichanganywa hayana maana tena.

Usianzie mwanzo

Albamu inafunguliwa na "Paradigm Shift", karibu dakika tisa za mbio, ambapo gitaa na kinanda vinakimbia bega kwa bega kwa kasi ambayo sikio geni haliwezi kuigawanya. Wapenzi wa metali huingia kupitia mlango huo. Kwa mtu mwingine yeyote, ushauri wangu ni kuuruka wakati huu na kuanza na kipande cha saba, "State of Grace".

Hiki ni kipande cha watu wawili, Petrucci na Rudess, gitaa na piano, bila dramu wala besi, na urefu wake ni dakika 5 na sekunde 1. Kisikilize mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza fuata gitaa peke yake, ambalo ndilo linalobeba wimbo, na ujaribu kuufuatisha kwa kuguna, hata ukikosea. Mara ya pili iache gitaa na ushuke kwenye piano, hasa mkono wa kushoto, ujiulize piano inafanya nini kila mara gitaa linapovuta noti ndefu. Utagundua kwamba haingoji: gitaa likitulia, piano inasogea, gitaa likisogea, piano inatulia. Huo ndio ufunguo wa albamu nzima, umewekwa mahali ambapo hakuna kelele ya kuuficha.

Kisha rudi nyuma hatua moja, kwenye kipande cha sita, "Chris and Kevin's Excellent Adventure", cha dakika mbili na ushei, ambacho ni cha wawili waliobaki, besi na dramu. Jina lake ni utani: mpiga picha aliyekuja kuwapiga picha alikuwa akiwaita Portnoy na Levin kwa majina ya Chris na Kevin, na wao hawakumsahihisha vya kutosha. Kipande chenyewe nacho ni cha mzaha, na faida yake kwa mwanafunzi ni kwamba kinamwonyesha sauti ya Levin ikiwa uchi. Ijue sauti hiyo vizuri, kwa sababu utaitafuta katika msitu mzito baadaye. Ukisha kuvipitia vipande hivi viwili umekutana na wapigaji wote wanne, wawili wawili, na sasa unaweza kuwakutanisha.

Kuwatenganisha wanne

Kiingie "Kindred Spirits", kipande cha tatu, ambacho ni cha mwendo wa wastani na wimbo unaoshikika, ukiwa na kazi moja tu: kumfuata Levin kutoka mwanzo hadi mwisho. Akipotea, usirudishe nyuma, subiri, atajitokeza. Mara ya pili mfuate Portnoy, lakini si mikono yake. Sikiliza miguu. Mikono ya mpiga dramu wa namna hii hupamba, ilhali dramu kubwa ya mguu hueleza anaongozana na nani, na ukisikia kwamba imeungana na besi au imeungana na gitaa, utajua wakati huo nani mwenye nguvu.

Levin ana mambo mawili ambayo huenda yakakuchanganya. La kwanza ni kwamba hapigi gitaa la besi tu, bali pia Chapman Stick, ala iliyobuniwa na Emmett Chapman na kuanza kuuzwa mwaka 1974. Kwa kawaida ina nyuzi 10 juu ya ubao mmoja mrefu, na mpigaji hazidonoi bali huzigonga kwa vidole vya mikono yote miwili, karibu kama mtu anayepiga kinanda kilichosimamishwa wima. Kwa hiyo sauti ya chini na sauti ya juu zinaweza kutoka kwake kwa wakati mmoja. La pili ni kwamba katika kazi zake amewahi kujifunga vijiti vifupi kwenye vidole ili kuzigonga nyuzi za besi kama anayepiga ngoma, mbinu aliyoibuni baada ya mpiga dramu Jerry Marotta kumgongea nyuzi kwa vijiti wakati wa kurekodi na Peter Gabriel. Ukisikia besi inayolia kama ngoma ndogo, si hitilafu ya hedifoni zako.

Kazi ngumu zaidi ni kutenganisha gitaa la Petrucci na kinanda cha Rudess, kwa kuwa Rudess hupenda sauti kali inayokaribia sana gitaa lililokwaruzwa kwa umeme, na hata huipinda noti kama mpiga gitaa anavyouvuta uzi. Sikiliza mwanzo wa noti, usisikilize katikati yake. Gitaa lina mguso wa risha, kama wapiga udi wanavyokiita kile kidude cha kupigia nyuzi, na mguso huo hutangulia sauti kwa chembe ndogo ya muda. Kinanda huingia laini. Sasa unaweza kurudi kwenye "Paradigm Shift", uzitafute zile sehemu za mwanzo ambapo wawili hao wanapiga noti zile zile kwa pamoja. Nilijaribu jioni tatu kabla ya kufanikiwa, na siku niliyofanikiwa ilikuwa kwa bahati: hedifoni ya upande mmoja ilikuwa imekufa, na sauti ikaelemea kwa mmoja wao. Tangu hapo, sikio likikwama, huvua upande mmoja kwa makusudi.

Kuhesabu bila kuharibu starehe

Si lazima uhesabu mapigo ili uufurahie muziki huu, na wapo wanaohesabu hadi wakasahau kusikiliza. Hata hivyo, msikilizaji ambaye mguu wake umezoea mapigo manne kila mara atahisi katika sehemu nyingi za albamu hii kama mtu anayeshuka ngazi na kukuta pameongezwa kidato gizani, na ni vizuri ajue kilichoongezwa.

Mapigo saba ndiyo ya kuanzia. Kuhesabu "moja, mbili, tatu" hadi saba hakufai, maana majina ya namba hizo yana silabi mbili mbili, na "saba" yenyewe inachukua nafasi ya mapigo mawili. Mimi hutumia maneno: "pima, pima, ratili". Kila silabi ni pigo moja, kwa hiyo unapata mbili, mbili na tatu, jumla saba. Nimelichagua neno "ratili" kwa sababu maalumu. Maneno mengi ya Kiswahili huweka nguvu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, jambo ambalo huharibu hesabu ya tatu, lakini "ratili", likitamkwa kwa matamshi ya zamani ya pwani, hubeba nguvu mwanzoni, na mwanzoni ndipo mkono wako unapotakiwa kushuka. Kwa mapigo matano sema "pima, ratili". Jizoeze kwanza bila muziki, ukitembea, hadi mdomo uache kufikiri.

Ukitaka mtihani, acha Liquid Tension Experiment kwa muda na uende kwenye "Birds of Fire" ya Mahavishnu Orchestra, ya mwaka 1973, ambayo mzunguko wake ni wa mapigo 18. Sema "pima, ratili" mara tatu, kisha "ratili" moja ya kufungia: tano, tano, tano na tatu. Mzunguko ukijifunga sawa na gitaa, sikio lako limeiva vya kutosha kwa chochote ambacho Portnoy atakutupia.

Kufuata wazo, si kasi

Wakosoaji wa muziki huu husema kwamba ni maonyesho ya vidole. Wakati mwingine ni kweli, nami sitamtetea Petrucci kwa kila noti aliyoipiga. Kuna mahali katika "Universal Mind" ambapo ningependa mtu amguse bega. Lakini anayesikiliza kasi peke yake atachoka upesi kuliko anayesikiliza wazo. Chukua "Freedom of Speech", kipande cha tano, dakika 9 na sekunde 19, ambacho mimi hukihesabu kuwa moyo wa albamu. Mwanzoni mwake ushike wimbo mkuu kwa kuuguna, hata kwa noti tano tu, kisha uwe kama mtu anayemtafuta rafiki yake sokoni: kila muda fulani jiulize kama amepita, amevaa nini sasa, anaongozana na nani. Wimbo huo ukirudi umebebwa na ala nyingine, au kwa uzito zaidi, weka alama kwenye karatasi. Ukifika mwisho utakuwa na ramani ya kipande, na mara ya pili huna haja ya karatasi.

"Osmosis" na "The Stretch" ni vifupi na havihitaji maelezo: cha kwanza ni hewa na ukungu, cha pili ni mwendo wa fanki wa dakika mbili. Viweke katikati ya vizito, upumzike.

Onyo la dakika tatu

Kilichobaki ni "Three Minute Warning", ambacho licha ya jina lake kina dakika 28 na nusu. Hakikuandikwa. Wanne waliingia wakapiga papo kwa papo, na maelezo yaliyochapwa pamoja na diski yanawashauri watu wasio na subira wazime mashine baada ya kipande cha nane. Fuata ushauri huo kwa wiki mbili za kwanza; hawakuuweka kwa utani mtupu.

Siku ukiwa tayari, tenga nusu saa usiku, zima taa, na usifuate ala moja kama ulivyofanya mwanzo, bali fuata mabadiliko. Kila muziki unapogeuka, jiulize nani ameugeuza. Mara nyingi utadhani ni gitaa, kwa kuwa ndilo lenye sauti kubwa, lakini ukirudisha sekunde kumi nyuma utamkuta Levin ameshahamia mahali pengine zamani, na wenzake wamemfuata. Zipo dakika ambazo hakuna mwenye wazo na wote wanazunguka wakingoja, usizipitishe. Hizo ndizo zinazoonyesha kwamba wengine wanasikiliza, na pale wazo linapozuka, utalisikia likizuka kwa kweli, si likitolewa sandukuni.

Baada ya hapo, tafuta albamu ya pili ya kundi hili, ya mwaka 1999, na ile ya tatu, ya 2021, lakini usiache kupitia kazi moja ya pembeni. Wakati wa kurekodi albamu ya pili, Petrucci aliondoka kwenda kwa mke wake aliyekuwa akijifungua, na watatu waliobaki wakaendelea kupiga na kurekodi bila gitaa. Mikanda hiyo ilitoka mwaka 2007 kwa jina la Spontaneous Combustion, na kundi likaitwa Liquid Trio Experiment. Isikilize mara tu baada ya "Three Minute Warning", ukiwa bado na kumbukumbu ya sauti, na uangalie jinsi mkono wa kulia wa Rudess unavyopanda kukalia kiti kilichoachwa wazi, na jinsi Levin, safari hii, anavyosikika tangu noti ya kwanza bila wewe kumtafuta.